Hodi kwa Mama: Malezi ya Wazee na Mipaka ya Jicho Letu

Katika nyumba zetu za Pwani mtu hafiki mlangoni akaingia tu. Husimama nje, akapiga hodi, akangoja kuambiwa karibu. Na asipojibiwa mara ya tatu hugeuka akaenda zake bila kinyongo. Adabu hii tumelelewa nayo tangu utotoni, na sasa tunawafunza watoto wetu. Hata hivyo, kwa muda wa miezi saba, sisi wenyewe tuliingia chumbani kwa mama yetu mzazi, usiku na mchana, bila kupiga hodi hata mara moja. Tuliingia kwa jicho la kamera. Tunayaandika haya kwa sababu tunaona nyumba nyingi zikielekea huko tulikopita, na kwa sababu Mama mwenyewe ameridhia tuyaeleze.

Mama anaishi Nyamira, katika nchi ya Wagusii, juu ya kilima chenye michai mbele ya nyumba na migomba nyuma yake. Marehemu baba alisilimu alipokuwa kijana akifanya kazi katika bandari ya Kilindini, na sisi sote tulizaliwa na kusomeshwa Mombasa. Alipostaafu alirejea kwao na mkewe, wakawa miongoni mwa Waislamu wachache wa milima ile. Baba alipofariki tulimsihi Mama arudi Pwani akae nasi. Alikataa. Alisema joto la Mombasa limemshinda, kaburi la mumewe liko kule, na michai yake haina mtu mwingine wa kuiangalia.

Sisi watoto tumetawanyika. Wawili tuko Mombasa, mmoja yuko Nairobi, na dada yetu, kifungua mimba, yuko Minnesota nchini Marekani. Tulimwajiri binti wa jirani amsaidie Mama kupika, kufua na kuteka maji, tukawa tunatuma fedha kila mwezi kwa simu. Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku ya mvua ambapo Mama aliteleza kwenye njia ya udongo akaumia nyonga, nasi tukapata habari baada ya siku mbili. Alikuwa amemkataza yule binti asitupigie simu, kwa kuwa hakutaka kututia wasiwasi.

Jinsi tulivyoanza

Hofu ndiyo iliyotuongoza. Kaka yetu wa Nairobi alisafiri na kamera tatu ndogo: moja akaifunga sebuleni, ya pili jikoni, na ya tatu chumbani kwa Mama, ikielekea kitanda na msala wake. Mama alipouliza ni kitu gani, aliambiwa ni kifaa cha usalama. Jibu hilo halikuwa uongo, wala halikuwa ukweli wote. Binti anayemsaidia hakuambiwa lolote.

Katika juma hilo hilo tulifanya jambo la pili. Miezi michache kabla, tapeli alikuwa amempigia Mama simu akamhadaa, akapoteza fedha kidogo. Basi tukaihamisha laini yake ya fedha ikawa mkononi mwa kaka yetu. Malipo ya majani yake ya chai, pamoja na ile bonasi ya mwaka ambayo wakulima wa Gusii huingoja kama wavuvi wanavyoingoja kaskazi, yakawa yanaingia kwenye simu iliyoko Nairobi. Mama akihitaji sukari au sadaka ya kumpa jirani aliyefiwa, humwomba mwanawe. Mwanamke aliyeipanda michai ile kwa mikono yake akawa anaomba ruhusa ya kutumia matunda yake.

Hatukuona ubaya. Tulisifiana katika kundi letu la simu kwamba sasa Mama yuko salama. Tulizoea kumtazama. Mmoja wetu alimtazama akinywa chai ya asubuhi, mwingine akimwona analala mchana huuliza kwa nini analala sana. Tulimpigia simu kumwambia amesahau dawa ya saa mbili, kwamba amekula kidogo, kwamba amekaa nje kwenye baridi. Dada yetu wa Minnesota ndiye aliyemtazama usiku, kwa sababu Mama anapoamka saa kumi alfajiri, kule bado ni jioni ya siku iliyopita.

Tulichoshindwa kukiona ni kwamba Mama alianza kubadilika. Aliacha kuimba jikoni. Alianza kuvaa buibui ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kubadilisha nguo ndani ya stoo ya mahindi. Yule binti naye akaanza kuogopa hata kuketi, akidhani kila akipumzika ataonekana mvivu. Sisi tuliyasoma mabadiliko hayo kuwa ni dalili za uzee, tukaongeza kumtazama.

Picha iliyotoka nyumbani

Usiku mmoja Mama aliamka kusali. Alipomaliza aliinuka, akatembea huku na huko chumbani kwa muda mrefu akitikisa kichwa na kunong'ona. Alikuwa katika nyiradi zake, na nyonga ilikuwa inamuuma, kwa hiyo hakuweza kuketi. Dada yetu aliikata picha ile ya dakika mbili akaituma katika kundi la familia, akiuliza kama Mama ameanza kuchanganyikiwa. Katika kundi hilo wamo pia binamu zetu. Mmoja wao, kwa huruma, aliipeleka kwa mtu mwingine kuomba ushauri. Baada ya siku nne mwanamke mmoja pale kijijini alimwuliza yule binti wetu, kwa sauti ya chini, kama ni kweli ajuza wake hutembea usiku akisema maneno yasiyoeleweka.

Msomaji wa Lamu au Tanga huenda asielewe kwa nini swali hilo lilitutia baridi ya mifupa. Katika nchi ya Gusii neno kama hilo limewahi kugharimu roho za watu. Mwezi Mei mwaka 2008 watu 11, wengi wao wakongwe, waliuawa kwa kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Tarehe 17 Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti jirani ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma hizo hizo. Maradhi ya kusahau ambayo huwapata baadhi ya wazee, yanayowafanya watangetange usiku au waseme peke yao, mara nyingi hayatambuliwi kuwa ni maradhi. Na mwenye nia mbaya, labda anayelitamani shamba la mjane, huyapa jina jingine.

Mama hakuwa mgonjwa wa akili, wala hakuwa na kosa lolote. Alikuwa akimdhukuru Mola wake chumbani kwake, mahali ambapo hakuna jirani aliyewahi kumwona. Sisi, kwa jina la kumlinda, ndio tuliomtoa nje. Kaka yetu alisafiri usiku uleule. Alizungumza na wazee wa kijiji na majirani, akawaeleza, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu neno lile likafa kabla ya kukua. Lakini sisi hatukuweza tena kulala kwa uhakika tuliokuwa nao.

Dini yetu inasemaje

Tuliporudi kwenye mafunzo tuliyosomeshwa chuoni, tulitahayari kwa jinsi yalivyokuwa wazi. Surat al-Hujurat imekataza upelelezi katika aya ile ile iliyokataza dhana mbaya na kusengenyana. Tukiyatazama makatazo hayo matatu yalivyopangwa, tunaiona historia yetu yote: tulianza na dhana kwamba Mama anatuficha na binti hatimizi kazi, dhana ikatupeleka kwenye kupeleleza, na upelelezi ukaishia katika kumzungumza Mama akiwa hayupo.

Surat an-Nur imekwenda mbali zaidi. Katika aya ya 58 wametajwa watu wa ndani kabisa ya nyumba, yaani watumishi na watoto wasiobaleghe, ambao huingia na kutoka siku nzima. Hata hao wameamrishwa waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya sala ya isha. Aya inayofuata inaeleza kwamba watoto wakishabaleghe basi huomba ruhusa wakati wote. Sisi tulikuwa watu wazima wenye watoto, na nyakati zile tatu ndizo tulizozifuatilia kwa bidii kubwa kuliko nyingine.

Huenda mtu akasema kwamba Mama ni mkongwe na ajuza ana nafuu katika mavazi. Ni kweli kwamba aya ya 60 ya sura hiyo imempa mwanamke aliyekwisha kupita umri wa kuolewa nafuu katika nguo zake za juu. Lakini nafuu hiyo amepewa yeye mwenyewe aitumie akipenda, na imeelezwa papo hapo kwamba kujisitiri ni bora kwake. Haikupewa wanawe wamwamulie.

Na kama bado tungekuwa na udhuru, hadithi iliyopokewa na Imamu Malik katika Muwatta inautoa. Mtu mmoja alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama ni lazima aombe idhini kabla ya kuingia kwa mama yake. Akaambiwa ndiyo. Akajitetea kwamba anaishi naye nyumba moja. Jibu likawa lile lile. Akajitetea tena kwamba yeye ndiye anayemhudumia. Jibu halikubadilika, na akaulizwa kama angependa kumwona mama yake akiwa uchi. Tafakarini hoja ya mtu yule, kwa maana ndiyo hoja yetu: mimi ndiye mtumishi wake, ndiye mlezi wake, basi mlango wake ni wangu. Mtume aliisikia, na hakuikubali.

Adabu ya Wagusii

Hatukuhitaji kusafiri mpaka Madina kuujua ukweli huu. Wagusii wana neno *chinsoni*, ambalo ni haya na staha kati ya mzazi na mwana. Robert na Barbara LeVine, watafiti waliokaa Gusii katikati ya miaka ya 1950, waliiandika adabu hii kwa kirefu: mzazi na mtoto aliyekua hujiepusha kuonana katika hali ya utupu, hawazungumzi mambo ya unyumba, na kila mmoja huheshimu mipaka ya nyumba ya mwenzake. Mjukuu na bibi, kinyume chake, wako huru kutaniana na kuambiana ya moyoni.

Ilikuwa kwa mlango huo wa wajukuu ndipo tuliposikia sauti ya Mama. Kijana wetu wa kidato cha tatu alikwenda Nyamira likizo. Alimwuliza *magokoro* wake, kama wanavyoitwa mabibi kule, mbona anavaa buibui jikoni. Naye akamwambia maneno ambayo asingeweza kutuambia sisi kwa ajili ya ile staha. Alisema hakatai watoto wake wamwone, kwa kuwa anawakumbuka na angependa waje. Anachokataa ni kuonwa na mtu asiyepiga hodi, asiyejua yupo wala hayupo. Akaongeza kwamba usiku, akitaka kumlilia Mola wake juu ya mumewe, hukumbuka lile jicho na machozi hukauka.

Kijana alituletea maneno hayo Mombasa. Hatukuwa na la kujibu.

Somo kutoka Minnesota

Dada yetu ndiye aliyeumia zaidi, na kwa sababu maalumu. Minnesota ni miongoni mwa makao makubwa ya Wagusii nje ya Kenya, hasa katika miji ya Brooklyn Park na Brooklyn Center kando ya Minneapolis, na wengi wao hufanya kazi ya kuwatunza wazee. Yeye ni mmoja wao. Mwaka 2017 gazeti la Star Tribune la huko lilichapisha mfululizo wa habari kuhusu wazee waliodhulumiwa katika makao ya kulelea. Baada ya kilio cha familia, jimbo likatunga sheria ya kamera katika vyumba vya wazee, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2020.

Hatupaswi kuficha kwamba kamera zina faida. Wako wazee waliopigwa, waliotukanwa na walioachwa na njaa, na ukweli ukajulikana kwa picha tu. Anayesema kila kamera ni dhulma hajamwona mzee asiyeweza kusema aliyemtenda. Lakini itazameni ile sheria ilivyoandikwa. Mzee mwenyewe ndiye anayetoa idhini kwa maandishi. Kama ana mwenzake chumbani, naye lazima aridhie. Anaweza kuweka masharti: kamera izimwe anapooga na kuvaa, anapopimwa na daktari, au anapozungumza na kiongozi wake wa dini. Na hata yule ambaye fahamu zake zimepungua, kabla jamaa hajaridhia kwa niaba yake, ni lazima kwanza aulizwe na kuelezwa. Akikataa waziwazi, jamaa hawezi kumlazimisha.

Dada yetu alikuwa akifanya kazi chini ya sheria hiyo kila siku. Alisema kwa sauti iliyokatika: wazee wa Kimarekani ninaowaogesha huulizwa, mama yangu sikumwuliza.

Sheria za Kenya nazo haziko kimya. Katiba ya mwaka 2010 imelinda faragha ya kila mtu katika kifungu cha 31, na katika kifungu cha 57 imewapa wazee haki ya kuishi kwa hadhi na heshima na kupata matunzo ya jamaa zao na ya Serikali. Katiba imeyaweka matunzo na heshima pamoja katika kifungu kimoja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, hata hivyo, haiyagusi mambo ambayo ni ya binafsi na ya nyumbani tu. Kwa hiyo hakuna ofisa atakayebisha mlangoni kuuliza tunamtazamaje mama yetu. Hapo hubaki taqwa na murua peke yake.

Tulivyopatana

Tulikwenda Nyamira sote wanne. Dada yetu alipanda ndege akaja. Tuliketi mbele ya Mama, mkubwa wetu akamwomba msamaha kwa niaba yetu. Kisha tukamwuliza anataka nini, tukanyamaza tusikie. Mazungumzo yalichukua jioni nzima, na tunayataja tuliyokubaliana kwa matumaini kwamba yatawafaa wengine.

Kamera ya chumbani iliondolewa siku ile ile, na ya jikoni nayo. Mama aliridhia ile ya sebuleni ielekezwe mlango wa mbele, ili ajulikane anayeingia, na ana swichi yake ya kuizima bila kutoa sababu. Picha zote zilifutwa, na hakuna tena picha ya Mama inayotumwa katika kundi lolote. Tulimnunulia simu yenye vitufe vikubwa na kengele ndogo ya kuvaa shingoni; akianguka huibonyeza, na jirani wawili walio karibu husikia. Njia ya udongo imejengwa ngazi za mawe na ubao wa kushikilia. Kwa kweli ngazi hizo zingegharimu chini ya kamera zile tatu, na lau tungezijenga kwanza, huenda haya yote yasingetokea.

Laini yake ya fedha ilirudi mkononi mwake. Mali ya mwanamke katika Uislamu ni yake, na uzee hauimegi haki hiyo. Kumzuia mtu mzima asitumie mali yake ni jambo zito ambalo wanazuoni wameliwekea masharti, si jambo la watoto kuamua katika kundi la simu. Mama alichagua mwenyewe kwamba malipo makubwa atamshauri mjukuu wake kwanza. Alipopokea bonasi iliyofuata, kitu cha kwanza alichonunua ni mabati ya jirani mjane. Kaka yetu alitaka kusema neno, akajizuia.

Yule binti anayemsaidia naye tulimwomba radhi mbele ya wazazi wake. Alikuwa ameajiriwa kwa uaminifu wake, nasi tukamtazama kama mshukiwa katika nyumba ambamo anapika, anasali na anapumzika. Tuliandikiana naye mkataba wa mshahara na siku ya mapumziko. Tumegundua kwamba mlezi anayeheshimiwa hupiga simu mwenyewe. Tangu siku ile hajawahi kutuficha homa wala mkwaruzo wa Mama.

Na jambo la mwisho ndilo lililotugharimu zaidi: tulipanga zamu za kwenda. Kila mmoja wetu wa hapa nchini huenda Nyamira mara moja katika miezi mitatu, akalala huko siku kadhaa. Kamera ilikuwa imetupa raha ya kudhani kwamba tuko naye. Kumtazama mzazi kwenye kioo ni rahisi. Kumkanda mguu, kumsikiliza kisa kile kile mara ya tano, kukaa naye mvua inaponyesha hadi magharibi, hiyo ndiyo khidma aliyoitaja Mola alipotuamrisha tuwainamishie wazazi bawa la unyenyekevu.

Hatudai kwamba wasiwasi umetutoka. Mama ana umri mkubwa, na iko siku tutakayopigiwa simu. Huenda siku hiyo mmoja wetu atajiuliza kama kamera ingalimwokoa. Tumelizungumza hilo naye pia, na akatuambia kwamba ajali yake iko kwa aliyemuumba, na kwamba angependa siku zilizobaki aziishi akiwa mwenye nyumba.

Majuzi mmoja wetu alifika Nyamira magharibi, mvua ikinyesha. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya Mama akiimba kasida aliyojifunza Mombasa enzi za ujana wake. Mgeni akasimama nje ya mlango, akiwa amelowa, akapiga hodi. Kasida ikakatika. Tukasikia miguu ikikokotwa taratibu, kisha sauti ikauliza: nani huyo? Na baada ya kujibiwa: karibu, mwanangu, karibu ndani.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu walio hai, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwatunze kwa namna wanayoiridhia. Amin.